Sufuria na Sinia

"Hii si boti," alisema Zedekiah, mwosha magari wa Kangemi, akiwa amesimama mbele ya boti. "Hii ni tenki."

Sajini Wangu alimtazama Zedekiah, kisha akaitazama hiyo tenki. Ilikuwa na pua mbele, tundu la mlingoti katikati na vyuma vya kushikia usukani nyuma. Ilikuwa imekaa kwenye matope kando ya barabara, imejaa maji ya sabuni pomoni, na vitambaa vitatu vya kupangusia magari vilikuwa vikielea ndani yake.

"Tenki yenye pua," alisema Wangu.

"Pua haizuii kushika maji, mathe."

"Muulize alinunua kwa nani!" Philister alidakia kutoka nyuma, kikapu mkononi. "Muulize, Sajini! Baba Apiyo alimletea mchana kweupe, kwa mkokoteni, akisalimia watu njia nzima. Mwizi gani huyo anabeba mali ya wizi huku akiuliza watu watoto hawajambo? Hata kasisi alimpungia mkono! Muulize kasisi!"

"Philister, pumua kidogo."

"Nitapumua akitoka."

Huyo Baba Apiyo ndiye Dalmas, mume wa Philister, mlinzi wa klabu ya mashua za tanga pale Bwawa la Mutarakwa, kilomita chache juu ya Kangemi. Tangu Jumatatu alikuwa amelala kwenye simiti ya seli. Boti mpya ya mwanachama mmoja, mhandisi aitwaye Mwihaki, ilitoweka ndani ya banda la klabu na kufuli halikuvunjwa. Dalmas alikuwa na ufunguo. Dalmas alikuwa ameonekana akisukuma boti kwenye mkokoteni. Polisi walijumlisha hayo mawili wakaridhika, korti ikawapa wiki moja ya kumshikilia, na Jumatatu inayokuja angerudishwa kizimbani kusomewa shtaka la wizi. Leo ilikuwa Ijumaa.

Philister, ambaye ndiye mpishi wa klabu hiyohiyo, asubuhi hiyo alikuwa amepanda ngazi hadi ofisi ya Wangu kule Hurlingham na kukataa kuondoka. Wangu alikuwa amestaafu polisi na sasa alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, lakini watu walikataa kustaafisha cheo chake. Alijua wezi wa magari, wezi wa ng'ombe, na mchungaji mmoja aliyeiba kinanda cha kanisa lake mwenyewe. Boti hakuijua. Maji yote aliyowahi kuingia yalikuwa ya ndoo, na hapo pia alikuwa akitangulia kuyapima kwa kidole.

Koplo aliyeachwa kulinda ushahidi alikuwa ameketi kwenye mtungi uliopinduliwa, gari la mteja likioshwa mbele yake.

"Hii boti ni kuukuu," Wangu alimwambia. "Klabu iliitupa, Dalmas akaomba, wakampa, akamuuzia huyu. Ona ufa huu umezibwa kwa lami. Ona huku chini, ina ukoga."

"Mwizi mjanja anaweza kupaka ukoga, Sajini."

"Ukoga unapakwa?"

Koplo alifikiria. "Sikia, Sajini. Imepotea boti moja. Imepatikana boti moja. Hesabu imekubali. Na imetambuliwa na wakili, Bwana Norman, mwanachama wa klabu."

"Alishuka kuiangalia?"

"Alikuja na gari akateremsha kioo."

"Nimeuliza kama alishuka."

"Kulikuwa na matope," alisema koplo kwa heshima, kama mtu anayetaja kifungu cha sheria.

Wangu alikunja mkono wa sweta, akapitisha kiganja chini ya tumbo la ile boti. Lilikuwa la mviringo, limebinuka kama sufuria ya githeri. Hakujua bado kama hilo lina maana yoyote, lakini alilihifadhi.

"Nikikuletea boti ya pili?"

"Ukileta ya pili," alisema koplo, "tutapiga hesabu upya."

*

Ufunguo wa banda walikuwa nao watu wanne: Dalmas na wanachama watatu wa kamati. Wangu alianza na aliyekuwa karibu.

Norman alikuwa mtu mkubwa mwenye ofisi ndogo kwenye Argwings Kodhek Road, na alipoinuka kumsalimia, meza ilisogea naye.

"Ulitambua boti ukiwa ndani ya gari," alisema Wangu.

"Viatu vilikuwa vipya, Sajini."

"Mtu yuko ndani kwa sababu ya viatu vyako."

Norman alikuwa na aibu, lazima tumpe hilo. Alifuta jasho. "Niliona pua, nikaona nyeupe. Nikasema ni hiyo. Nikiandika maelezo mapya, labda Jumanne..."

"Korti ni Jumatatu. Tuseme wewe ndiye uliyeichukua, ukaona heri Dalmas abebe mzigo."

"Mimi?" Norman alicheka mpaka meza ikatetemeka. "Uliza mtu yeyote pale bwawani. Mimi huwa wa mwisho. Upepo ukiwepo, wa mwisho. Usipokuwepo, wa mwisho. Niibe boti ya mbio ya nini, niwe wa mwisho haraka?"

Wangu alimfanya aandike maelezo mapya hapohapo, akasimama juu yake mpaka alipotia sahihi. Hayo yalisaidia kuonyesha kwamba Norman ni mvivu. Hayakuleta boti.

Wa pili alikuwa Sameer, muuza mapazia katikati ya mji, kwenye mtaa ambao ukipita na mkoba uliofunguka unatoka na mkoba mtupu. Alimkaribisha Wangu kwa kahawa na kiti, kisha akatuma mtu alete kiti kizuri zaidi.

"Watu pale klabu wanadhani kwa sababu kwetu ni Mombasa basi nilizaliwa nimeshika usukani," alisema. "Mama, babangu alikuwa fundi cherehani. Mimi nikipanda feri ya Likoni nafumba macho."

"Sasa klabu ya mashua unafuata nini?"

Sameer alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Wanachama wana nyumba kubwa. Nyumba kubwa zina madirisha."

Wangu aliinywa kahawa yote. Katika kazi yake alikuwa amesikia uongo mwingi, na haukuwahi kuwa na mantiki nzuri kiasi hicho.

"Hiyo boti ya Mwihaki uliionaje?"

"Kwangu boti ni boti. Hiyo yake niliona ni pana huku nyuma, nikasema msichana huyu amejenga meza. Lakini siku moja upepo ulivuma akatupita, wallahi hatukuona boti, tuliona maji yakiruka tu. Mzee Jamleck alikasirika mpaka akasahau chakula."

Mzee Jamleck ndiye aliyekuwa wa tatu, mwenyekiti wa klabu. Ofisi yake ya bima ilikuwa Upper Hill, ghorofa ya juu, na ukutani palikuwa na picha zake akipokea kikombe kilekile mwaka baada ya mwaka, nywele zikipungua picha hadi picha. Mbio za kikombe hicho zilikuwa kesho yake.

"Inasikitisha," alisema Jamleck, akizunguka polepole kwenye kiti chake cha ofisi chenye vijigurudumu. "Dalmas tulimwamini. Lakini mtu na tamaa, Sajini, wajua wewe."

"Na boti yenyewe ilikuwa nzuri?"

"Ya maonyesho! Sakafu bapa. Upepo ukiwa mdogo inang'ang'ania maji, haiendi. Na kona! Ukiikata kona ghafla inateleza ubavu kwanza, halafu ndipo inashika. Inaweza kukuvunja mbavu." Alijishika mbavu za kushoto akakunja uso kidogo.

"Pole. Umewahi kuipanda?"

"Mimi?" Kiti kilirudi nyuma chenyewe mpaka kikagonga kabati. "Sijaigusa hata kwa kidole."

Wangu alimshukuru kwa chai. Kwenye lifti alijiambia kwamba mtu anaweza kujifunza mengi kuhusu boti kwa kuitazama tu kutoka mbali. Kisha akajiuliza ni mtu gani anayeumwa mbavu kwa kutazama. Lakini mbavu si ushahidi. Mzee wa umri ule angeweza kuumia akivaa soksi.

*

Jumamosi asubuhi, jikoni kwa klabu, Philister alikuwa akimenya viazi kwa hasira, maganda yakiruka hadi dirishani. Mwihaki alifika akiwa na macho mekundu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mhandisi wa mabomba ya maji, na boti ile alikuwa ameijenga kwa mikono yake nyuma ya nyumba ya mama yake, wikendi baada ya wikendi, majirani wakimuuliza kama anatengeneza jeneza.

"Mimi sijasema ni Dalmas," alimwambia Philister kabla ya salamu. "Niliwaambia polisi siamini. Wakaniambia mwenye mali huwa na uchungu, hawezi kufikiri sawasawa."

"Basi nieleze mimi," alisema Wangu. "Hiyo boti ilikuwa na nini? Nieleze kama unamweleza mamako."

"Mamangu alikataa kusikiliza."

"Basi mimi ni mama mwenye subira."

Mwihaki aliangaza jikoni. Akavuta karai kubwa la kufulia, akalijaza maji, akachukua sufuria ndogo na sinia ya bati.

"Sinia yangu hiyo ni ya wageni," alionya Philister.

"Boti zote za hapa ni sufuria," alisema Mwihaki. "Tumbo la duara. Tazama." Aliisukuma sufuria polepole, ikaenda vizuri, ikageuka kila upande alioitaka. "Ni tamu kupinda, ni tamu upepo ukiwa mdogo. Sasa naisukuma kwa nguvu." Sufuria ilivimbisha wimbi mbele yake, jingine nyuma, ikadidimia katikati. "Umeona? Inajichimbia shimo, inakaa ndani. Hata ungefunga tanga la ukubwa wa hema la harusi, haitoki kwenye hilo shimo."

"Na sinia?"

"Sinia polepole ni mzigo. Nyuma ni pana, maji yanaikamata." Akaisukuma taratibu, na kweli ilisuasua. "Lakini upepo ukikaza..." Aliipiga kofi. Sinia iliinua ukingo, ikapita juu ya maji badala ya ndani yake, ikagonga upande wa pili wa karai na kummwagia Sajini Wangu maji kifuani.

Wangu aliruka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Philister alimpa aproni bila kuacha kumenya.

"Hiyo ndiyo boti yangu," alisema Mwihaki. "Inaacha kuogelea, inapaa. Lakini si bure. Uzito lazima uwe mahali pake." Alichukua kiazi kilichomenywa, akakiweka mbele ya sinia, akasukuma. Sinia ilizamisha pua ikanywa maji. Akakiweka nyuma, akasukuma tena. Sinia ilipaa.

"Kwa hivyo kiazi ni wewe," alisema Wangu.

"Kiazi ni mimi. Upepo mkali ukija, naruka nyuma kabisa, tezini, ili pua iinuke."

"Na hawa wenye sufuria?"

"Thubutu!" Alikiweka kiazi nyuma ya sufuria. Sufuria iliinua pua, ikazamisha tako, maji yakaingia, kiazi kikaenda chini. "Wao hukaa katikati. Upepo ukija wananing'inia nje ubavuni, lakini katikati. Wamekaa katikati miaka yote. Hawafikirii tena, ni kama wewe na kubadilisha gia."

"Sina gari. Na wewe ukikaa nyuma unafikiria?"

Mwihaki alicheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Mwanzo nilifikiria. Siku chache tu, mwili ukashika. Sasa hata nikiwa nimeketi kanisani, dirisha lipigwe na upepo, najikuta nimeegemea nyuma. Kuzoea si kazi, Sajini. Hiyo kitu ni tamu. Kazi ni kuacha."

Wangu aliitazama sufuria iliyozama, kiazi kikiwa chini yake.

"Nani mwingine amewahi kuipanda boti yako?"

"Hakuna. Hata kuisogeza nilikataza."

"Hakuna hata mara moja? Hata rafiki?"

"Sajini, nimekwambia watu waliniita mjenga jeneza. Nani angeomba kupanda?"

Wangu alivua aproni. "Mbio za leo ziendelee. Kila mtu kwenye boti yake ya kawaida. Na mimi nataka kuwa karibu nione vizuri. Kuna boti ya uokoaji?"

Kisu cha Philister kilisimama. "Wewe? Majini? Si jana uliruka mtaro wa mvua ukamwita Yesu?"

"Na alinivusha," alisema Wangu.

*

Jaketi la kuokolea lilikataa kufunga. Walijaribu mbele, wakajaribu ubavuni, mwishowe Mwihaki akamfunga Wangu kwa kamba kama godoro linalohamishwa nyumba. Kwa kuwa hakuwa na boti ya kushindana, Mwihaki ndiye aliyeshika boti ya uokoaji, kiboti cha mpira chenye injini ndogo. Wangu aliketi katikati akashika kila kitu kilichoweza kushikwa.

"Sajini, hilo ni sikio langu."

"Samahani."

Boti zilianza upepo ukiwa wa uongo na kweli. Matanga yalining'inia kama nguo zilizosahaulika kambani. Jamleck aliongoza, katika boti yake ya tumbo la duara iliyong'arishwa mpaka ukaweza kujitazama. Alikaa katikati. Sameer alimfuata, mdomo umefungwa kabisa. Norman alikuwa wa mwisho na alionekana mwenye amani.

"Hakuna kitu," alisema Wangu. Alikuwa ameanza kujuta. Kama amekosea, basi amelowa bure, na Jumatatu Dalmas atasimama kizimbani na viatu visivyo na kamba.

"Ngoja. Saa hizi upepo unashuka kutoka kwa ile miti. Utaona mikaratusi ikiinama."

Mikaratusi iliinama. Maji ya bwawa yakageuka rangi, kivuli cheusi kikaja mbio juu yake, na matanga yote yakajaa kwa mkupuo.

Norman alipiga kelele akamwita mama yake, lakini alibaki katikati, akaning'inia ubavuni. Sameer alifumba macho akaning'inia ubavuni, katikati. Miaka yote hiyo ya kuuza mapazia ilikuwa imemfundisha angalau mahali pa kukaa.

Jamleck hakuning'inia. Mwili wake uliinuka wenyewe. Aliruka kinyumenyume mara moja, akaruka tena, makalio yakatua mwisho kabisa wa boti, miguu ikakaza, kifua kikatoka nje, na usoni pake, Wangu aliapa baadaye, palikuwa na tabasamu la bwana harusi. Alikuwa akingoja kupaa.

Sufuria haipai. Pua ilitazama mbingu, tako likazama, maji yakamiminika ndani, na mwenyekiti wa klabu akaenda nyuma miguu juu, akapotea. Kilichobaki ni kofia.

"Kiazi," alinong'ona Wangu.

Mwihaki aligeuza kiboti kuelekea ile kofia. Aliisukuma injini kwa nguvu zote, na Wangu akamwita Yesu tena.

Walimvuta Jamleck akitema maji, gugu la bwawani likiwa limemning'inia sikioni. Alilala kwenye sakafu ya mpira akihema. Wangu hakumpa nafasi. Mtu aliyelowa hudanganya vibaya, hilo alilijua tangu kazini.

"Mzee, boti hiyo umeipanda miaka mingapi?"

"Mingi... mingi."

"Na huwa unakaa wapi?"

"Katikati."

"Leo ulifuata nini nyuma?"

"Niliteleza."

"Mtu akiteleza huanguka. Wewe uliruka, ukaruka tena, ukajipanga, ukatabasamu. Mzee, nani alikufundisha kukaa kiti cha nyuma?"

Jamleck alimtazama Mwihaki. Mwihaki alikuwa amezima injini. Boti ya mpira iliyumba, na kwa mara ya kwanza Wangu hakuhisi.

"Umeipanda," alisema Mwihaki. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Boti yangu. Umeipanda mpaka mwili wako ukazoea."

Angeweza kukana. Wakili hata awe Norman angemshauri akane. Lakini uso wa mzee ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyekula kitu kitamu peke yake na hana wa kumwambia.

"Mwihaki," alisema, "ile kitu inapaa."

"Najua inapaa! Niliijenga!"

"Mimi nilitaka tu ikose mbio za leo. Haki ya Mungu, leo tu. Niliiweka kwa lile bwawa langu la kunyweshea sukuma wiki, chini ya turubai, kule Kikuyu. Nikasema baada ya mbio nitairudisha. Halafu jioni moja upepo ukavuma. Nikasema niitoe mara moja nione." Alijishika mbavu. "Kona ya kwanza ilinitupa. Ya pili ilinitupa. Ya tatu... nimekuwa nikienda kila jioni. Mke wangu anadhani nina mwanamke."

Wangu alihisi kitu kikimpanda kutoka miguuni, na safari hii hayakuwa maji, ilikuwa hasira.

"Na Dalmas?"

"Nilijua watamwachilia. Hakuna ushahidi, watamwachilia..."

"Ulinywesha sukuma wiki, ukacheza na boti, ukarudi kulala kwa blanketi," alisema Wangu. "Yule mtu amelala kwenye simiti wiki nzima, watoto wake wanaitwa watoto wa mwizi njiani wakienda shule. Jana ofisini kwako uliniambia mtu na tamaa. Uliniangalia machoni na kikombe cha chai mkononi ukaniambia hivyo. Mzee mzima! Huna haya?"

Jamleck aliinamisha kichwa, na gugu likaanguka.

Ufukweni Philister alikuwa amesikia kila neno, maana maji hubeba sauti, na alikuwa akiwangoja akiwa na mwiko wa ugali. Ilibidi Sameer, aliyekuwa ameshafika na kutapika na kusafishika, asimame katikati yao. Norman alifika baadaye kidogo. Boti nyingine zote zikiwa zimeacha mbio, aligundua kwamba yeye peke yake ndiye aliyemaliza, na kikombe ni chake. Alikaa kwenye nyasi akakishika kichwa.

*

Jioni ile uani mwa kituo palikuwa na boti mbili. Ya kwanza ilikuwa tenki ya Zedekiah, iliyoletwa kwa mkokoteni na kumwagwa maji, mwenyewe akiifuata nyuma akilalamika kwamba magari yanakauka na sabuni. Ya pili ilishushwa kutoka kwa pikapu ya Jamleck, nyeupe, nyembamba mbele, pana nyuma, tumbo lake bapa likiangalia juu.

Koplo alizizunguka zote mbili. Aliinama akagusa tumbo la ile, akagusa tumbo la hii.

"Imepotea moja," alisema polepole. "Zimepatikana mbili."

"Piga hesabu," alisema Wangu.

"Imekataa, Sajini."

"Basi fungua mlango."

Inspekta alisoma maelezo mapya ya Norman, akasoma ya Jamleck yaliyokuwa bado na alama za maji, akaguna, akatia sahihi. Jamleck aliingizwa kwa mlango ambao Dalmas alitokea. Walipishana hapo kizingitini. Dalmas, kwa mazoea, alimpisha mzee apite kwanza.

Dalmas alikuwa amekonda. Mkanda na kamba za viatu alikuwa amezishika mkononi, suruali ameishika kwa mkono wa pili. Wangu alimgeukia Philister, akijiandaa kusikia mvua ya maneno iliyokuwa ikinyesha tangu Ijumaa. Haikuja. Mwanamke aliyekuwa amewasemesha polisi, kasisi, wakili na viazi alisimama pale ameshika kikapu cha chakula tu.

Dalmas alitazama uani. Aliona boti ya Mwihaki, salama, akashusha pumzi ndefu. Kisha akamwona Mwihaki amesimama kando yake, akaona wanachama, akamwona mke wake, na uso wake ukaingiwa na wasiwasi.

"Mama Apiyo," alisema, "nyote mko hapa. Sasa nani amebaki analinda boti?"

Philister alimpiga na kikapu begani, chapati zikamwagika, akamkumbatia akaanza kulia kwa sauti, na suruali ikabidi ishikwe na Sajini Wangu.